Mambo ya Nyumbani: Salamu Si Swali



Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja akaaye juu ya Mlalo, na swali lake halifai kujibiwa kwa maneno mawili matatu. Asema kwamba mama mkwe wake alipelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, kisha akarudishwa nyumbani, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea mwilini. Watu wa tiba shufaa wamefika nyumbani mara moja, wakamtazama, wakaagana naye vizuri, wakasema watarudi. Naye mwalimu auliza: "Sisi si waganga. Tutajuaje kama watu hawa waijua kazi yao, au waja kutupa pole tu?"

Swali hili wengi wetu twalo moyoni, walakini twaona haya kulitamka. Mtu akipanda mlima katika matope ya masika ili kumtazama mgonjwa wetu, twaona ni utovu wa adabu kumpima. Seremala twampima kabla hatujampa mbao zetu, na mbegu za viazi twazigeuzageuza mkononi sokoni Soni kabla hatujatoa fedha. Lakini mwenye kumwuguza mzazi wetu katika siku zake za mwisho twampokea kwa chai na shukrani, wala hatumwulizi neno. Basi, mgeni tumemheshimu, na mgonjwa je? Yeye ndiye alalaye na maumivu baada ya mgeni kushuka mlima.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini, kwa maana wako wanaodhani kwamba hospisi ni nyumba ya kuwekwa watu wangojee kufa. Nyumba za kulaza wagonjwa hao ziko, na iliyo mashuhuri ni ile ya St Christopher's, London, iliyofunguliwa mwaka 1967 na Bibi Cicely Saunders, ambaye alikuwa mwuguzi kwanza, kisha akasoma uganga akiwa mtu mzima. Lakini huku kwetu kazi hii hufanywa zaidi majumbani. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990; ya Kampala mwaka 1993, kwa juhudi ya Dk. Anne Merriman, na katika nchi yetu hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kazi hii mwaka 1999. Sisi wa Tanga hatukuachwa nyuma sana, maana mwaka 2001 hospisi ilianza Muheza, katika Hospitali Teule, chini ya milima ya Usambara ya mashariki. Kote huko shabaha ni moja, kumpunguzia mtu mateso wakati ugonjwa wenyewe hauondoki tena. Tena hawautazami mwili peke yake. Bibi Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hii yamo mwilini, yamo moyoni, yamo rohoni, yamo hata katika kuwaza watoto watakula nini.

Sasa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha. Palikuwa na mzee mmoja upande wa Bumbuli, saratani imekwisha kumwingia mifupani. Tulikuwa tukienda kumwona kila Jumapili baada ya ibada, watu wanane au kumi, tukaimba, tukaomba, na mama mwenye nyumba akatuchemshia chai sisi sote mpaka sukari ya juma zima ikaisha. (Jambo hili la chai tutaliandikia siku nyingine, Mungu akipenda.) Kila tulipoingia tulisema, "Hujambo, mzee?" Naye akajibu, "Sijambo." Tukarudi makwetu tukisema mzee ana nguvu, mzee amepokea hali yake kwa saburi.

Siku moja akaja mwuguzi kijana, binti mdogo kuliko wajukuu wake wengine. Akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, babu," akaitikiwa. Kisha akaketi chini penye mkeka, akamwonyesha mkono wake. Akasema, "Babu, ngumi hii ni mtu asiye na maumivu hata kidogo. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vyote vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Nionyeshe ya jana usiku." Mzee akatutazama sisi kwanza, kana kwamba anatuomba radhi, akafungua mkono wote.

Miezi mitatu alikuwa akituambia, "Sijambo." Wala hakusema uongo. Katika lugha yetu mtu akiulizwa hujambo hana jibu lingine la adabu. Hata aliye mahututi husema sijambo kwanza, na neno la pili, lile lianzalo na "ila," halisemi asipopewa nafasi. Sisi tulisalimu, tukadhani tumeuliza.

Basi, ndugu mwalimu, hicho ndicho kipimo cha kwanza. Watu waliokuja kwa mama yako, je, walimsalimu tu, au walimwuliza? Tena walimwuliza yeye, au walikuuliza wewe mlangoni, naye yuko ndani akisikia anavyosemwa? Wenye kazi hii wamejiwekea maswali maalum. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, kilichoundwa Arusha mwaka 2004, kimetunga maswali kumi, na kila moja hujibiwa kwa hesabu kuanzia sifuri mpaka tano, kama vidole vya mkono. Saba ni ya mgonjwa mwenyewe: maumivu yake, mateso mengine, kama kichefuchefu au kukohoa, wasiwasi alio nao, kama amepata mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, kama aona maisha yake yana maana, kama ana amani, kama amesaidiwa kupanga mambo ya mbele. Matatu ya mwisho ni yenu nyumbani: mmeelezwa habari kiasi gani, mwaweza kumtunza bila hofu, na mna wasiwasi gani. Si lazima wageni wenu waje na karatasi hiyo mkononi. Lakini wakiondoka bila kugusa hata nusu ya mambo hayo, hawajafanya ziara ya tiba, wamefanya ziara ya jirani mwema.

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, na nyumba za walimu zimo. Kwa maumivu makali ya saratani dawa iliyo kuu ni morfini, na aghalabu hutolewa kama maji ya kunywa katika chupa. Wako waiogopao. Husema ni dawa ya kumharakisha mtu afe, au ni ulevi, au kwamba akipewa mapema haitamfaa baadaye. Wenye ujuzi huianza kidogo, wakaiongeza kwa kadiri ya vidole vya mgonjwa, na ikitumiwa hivyo haimwui mtu wala haimfanyi mlevi. Humpa kulala, na kula uji, na kuzungumza na wanawe. Wako na wasemao kwamba maumivu ni msalaba, yavumiliwe. Mtu akiuchukua wake kwa hiari, hilo ni lake na Mungu wake. Lakini kumficha mwenzetu chupa ya dawa kabatini kwa kuwa sisi twapenda saburi, hilo hatukufundishwa popote.

Angalieni pia jinsi dawa ilivyogawiwa ulimwenguni. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilitoa taarifa kwamba katika miaka ya 2010 hadi 2013 dawa za jamii ya morfini zilizogawiwa duniani zilikuwa kama tani 298.5 kwa mwaka, na katika hizo nchi maskini zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100 hivi. Kwa hiyo mwuguzi akifika na chupa hiyo hata kijijini kwenu, jueni kwamba wamepigania jambo. Na akifika bila hiyo, mwulizeni waziwazi: "Mnayo? Kama hamnayo, itapatikana wapi, na lini?" Dawa huweza kukosekana bila kosa lake. Twamheshimu asemaye, "Imekwisha, nimeagiza, kwa sasa tutatumia hii." Anayezungukazunguka kwa maneno matamu ndiye wa kutiliwa shaka. Tena ulizeni ni nani aandikaye dawa hiyo na yuko wapi. Uganda walibadili sheria mwaka 2004, wauguzi waliofundishwa maalum wakapewa ruhusa kuiandika, kwa sababu waliona waganga ni wachache na wako mbali. Ikiwa kwenu sahihi ni ya mganga aliye mjini Lushoto, chupa isingojewe iishe ndipo mtu ashuke.

Mwuguzi mjuzi utamtambua kwa mambo madogo. Atawaambia saa. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, mgonjwa asingojee maumivu yarudi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne ya usiku, na mara nyingi kipimo hicho cha usiku huamriwa kiwe maradufu ili alale mpaka alfajiri. Ataandika hayo kwa kalamu, kwa herufi ambazo na bibi asiyeona vizuri aweza kuzisoma. Atatoa pia dawa ya kulainisha choo siku ileile, maana morfini hufunga choo, na anayetoa ya kwanza akaisahau ya pili bado hajaiva. Mahali ambapo dawa hiyo haipatikani, wako wanaotumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Na kidonda kikiwa kinanuka, hatageuza uso. Atasaga vidonge vya metronidazole na kuvinyunyiza juu yake, harufu ipungue, majirani warudi kuingia chumbani. Tumeona mama aliyekaa peke yake majuma mengi kwa sababu ya harufu, watu wakimsemesha toka uani, hali dawa yake ni vidonge vinavyouzwa katika maduka ya dawa.

Chupa nayo ina hesabu. Mtoa huduma mwema huandika kiasi alichotoa, hutazama kilichobaki, na mgonjwa akiisha kufariki huja kukichukua kilichosalia. Msikasirike akiihesabu mbele yenu. Hajawaita wezi.

Kuhusu ukweli tutasema machache, ingawa ni jambo zito. Sisi jamaa hupenda kumficha mgonjwa, twamwambia utapona, mwezi ujao utalima. Mwuguzi mwema hatamrushia habari kama jiwe, wala hatashirikiana nanyi kudanganya. Atamwuliza mgonjwa anataka kujua nini. Twajua nyumba moja ambapo mzee alifichwa hata mwisho, akafa bila kusema shamba la chini ni la nani, wala deni lake liko kwa nani, na leo ndugu wawili hawapeani mkono kanisani.

Tena kuna usiku. Mchana waguzaji ni wengi. Muulizeni: "Akizidiwa saa nane ya usiku, tumpigie nani?" Akiwapa namba ya simu, ijaribuni siku yoyote jioni kabla haja haijafika, mwone kama hupokelewa, na mwone pia ni wapi penye mtandao, maana nyumba zetu nyingine ziko bondeni na simu haishiki mpaka upande juu penye mikaratusi. Asiyeweza kuja usiku si lazima awe mbaya. Milima hii aijuaye huijua. Lakini awe amewafundisha mapema la kufanya, na awe amewaachia dawa ya kulifanyia.

Na mtazame kama huingia nyumba zote. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na saratani haiulizi mtu anasali wapi. Mwuguzi apitaye mlango wa jirani kwa sababu hiyo, hata akija kwetu na Biblia mkononi, hatutamsifu.

Lakini, mwalimu, hayo yote huwezi kuyajua kwa ziara moja. Ziara ya kwanza kila mtu ni mpole. Ingoje ya pili. Akirudi, je, akumbuka kwamba mara ile mama alionyesha vidole vinne? Auliza leo ni vingapi? Na kama bado ni vinne, je, abadili kitu, dawa au kipimo au namna ya kumlaza, au asema tu, "Pole, mama, vumilia"? Anayeuliza, akasikia, asibadili neno, ni sawa na sisi tuliokuwa tukiimba kule Bumbuli.

Twaa daftari moja la shule. Kila jioni mwulize mama mkwe wako kwa mkono, usimwulize kwa hujambo, ukaandike tarehe na idadi ya vidole, na kama alilala, na kama alikula. Kama kwa heshima ya mkwe huwezi kuingia chumbani, mkeo aulize, wewe uandike. Watu wale wakifika tena, wapeni daftari hilo kabla ya kikombe cha chai. Kisha tuandikie tena, utuambie kama walilisoma.