TUSILE GHALA MCHANA KWEUPE



Mwezi uliopita kazi ya Chama ilinipeleka katika mkutano wa tawi, kijiji kimoja cha Mkoa wa Singida. Tulipofika kwenye maswali, mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza: "Mwalimu, bwawa tumekwisha jenga, tena kwa fedha yetu wenyewe. Sasa hayo masahani ya jua ya nini tena? Au mnataka kutugeuza soko la bidhaa za wageni?" Watu wakapiga makofi. Nikamwambia: "Shikamoo mzee. Swali lako ni la mtu anayeijali nchi yake, na jibu lake halitoshi kusemwa kwa dakika tano." Kwa hiyo nalijibu hapa gazetini, ili na wengine wanaouliza hivyo walisome.

Siku hizi wamezuka watu wa namna mbili. Wa kwanza husema, ati tukiisha kuwa na Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, habari ya umeme imekwisha, na anayetaja jua ni msaliti au ni wakala wa wafanyabiashara. Wa pili ni wasomi wa mikutano ya hotelini. Hao husema mabwawa ni mambo ya kale, kila nyumba iwekewe paneli yake, na mto uachwe upite. Mimi nasema wote wawili wanaipoteza njia, na wanaoumia kwa kupotea kwao ni mwananchi wa kawaida na watoto wake.

Nianze kwa kulipa bwawa haki yake. Fikira ya kuufunga mto Rufiji si ya jana. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Mwalimu iliipima kwa msaada wa Norway, na mwaka 1975 ikaunda RUBADA, shirika la kuliendeleza bonde lile. Miaka ikapita, michoro ikapata vumbi. Desemba 2018 mkataba ukatiwa sahihi na makampuni ya Misri. Desemba 2022 maji yakaanza kujazwa. Februari 2024 mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha. Na mwaka 2025 mashine zote 9 zikawa zimekamilika, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Gharama yake ilikuwa kama shilingi trilioni 6.5, nazo zilitoka katika hazina yetu. Anayedharau kazi hiyo hajui maana ya nchi kusimama kwa miguu yake.

Tena bwawa lina sifa ambayo jua halina. Jua likizama, paneli nayo imelala. Maji hukaa bwawani yakingoja. Saa moja jioni, wakati kila mama anawasha taa na kila mtoto anafungua daftari, unaweza kufungulia maji na mashine zikazunguka mara moja. Ndiyo kusema bwawa ni ghala. Wenzetu wa mikutano ya hotelini wasilisahau jambo hilo.

Lakini ghala nalo lina mambo yake. Ghala halizai mahindi. Hutunza yale yaliyoletwa, na yasipoletwa, ghala likiwa kubwa namna gani, panya watacheza ngoma ndani yake. Basi na tuulize: maji yetu yanaletwa na nani?

Hapa nawaomba wasomaji wachukue kalamu. Kituo cha Mtera kina megawati 80 na Kidatu 204, vyote viwili katika mto Ruaha Mkuu. Kihansi kina 180, na mto wake huenda Kilombero. Sasa Ruaha Mkuu na Kilombero huenda wapi? Huenda Rufiji! Jumlisheni 80, 204, 180 na 2,115, mtapata megawati 2,579, zaidi ya nusu ya nguvu yote ya Gridi ya Taifa, zote katika bonde la mto mmoja. Tunadhani tuna vituo vinne, kumbe ni matawi manne ya mti mmoja. Mvua ikikosa Mbeya, Iringa na Morogoro kwa mwaka mmoja, vituo vyote vinne vinaona kiu pamoja. Nje ya bonde hilo, New Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu, ukivijumlisha vyote vitatu, havifiki hata megawati 100.

Je, haya ni maneno ya kutisha watoto? La hasha. Mgao wa umeme uliokuja na ukame tuliuona katika miaka ya 1990. Tuliuona tena 2006, na 2011. Oktoba 2015 maji yalipungua hata mitambo ya maji ikazimwa. Mwishoni mwa 2022 ukame ukarudi, na mgao ukarudi nao. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 hukauka kila kiangazi katika sehemu ya hifadhi ya Ruaha, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa Usangu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na mgao si giza tu. Katika mgao ule wa 2022 nilikuwa nikipita kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, jirani yangu. Nilimkuta ameketi juu ya geti alilokuwa hajalimaliza, mikono magotini. Vijana wake wawili alikuwa amewarudisha nyumbani. Aliniambia: "Mwalimu, mteja ameniachia fedha ya nusu, nimekwisha ila, na umeme ukija ni usiku wa manane, majirani wamelala." Huo ndio ukame wa mjini, Ndugu zangu. Mkulima huona jani limenyauka, na fundi huona mfuko umenyauka.

Tena ukame huleta fisi. Nchi ikiwa gizani hukubali mkataba wowote unaoletwa mezani, maana mwenye njaa hachagui tonge. Ukame wa 2006 ndio uliotuletea mkataba wa dharura wa Richmond, ambao mwisho wake Waziri Mkuu alijiuzulu Februari 2008. Bei ya umeme wa dharura hulipwa na mwananchi, katika LUKU yake au katika kodi yake. Kwa hiyo anayesema jua ni ghali, aweke na gharama ya ukame katika mizani, ndipo tupime.

Baadhi husema, "Tuna gesi." Kweli, tangu 2004 gesi ya Songo Songo imetufaa sana. Lakini gesi ikiisha kuchomwa imekwenda. Haitarudi na mvua za masika. Hiyo nayo ni akiba, na akiba hutumiwa kwa adabu.

Sasa tulitazame jua. Nalo nitalisema kwa haki, na ubaya wake usifichwe. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya kijiji. Juu ya paa palikuwa na paneli nzuri, na maandishi ya wafadhili ukutani. Usiku ukiingia, tukawasha kandili. Kwa nini? Betri ilikuwa imekufa, na hapakuwa na mtu aliyeweka hata shilingi moja ya kununua nyingine. Hakuna aliyefundishwa hata kufuta vumbi. Watoto wa darasa la saba walisoma kwa moshi chini ya paneli iliyokuwa nzima! Basi anayeleta sola bila fundi na bila mfuko wa betri, huyo ameleta pambo.

Pia ni kweli kwamba paneli nyingi za dunia hutengenezwa China, nasi hatuna viwanda vya kulingana nao. Lakini nawauliza watu wa bwawa: zile mashine 9 za Rufiji zilichimbwa katika udongo wa Rufiji? Nazo zilikuja kwa meli. Kununua chombo nje si utumwa, maana hata jembe la kwanza la chuma lilinunuliwa. Utumwa ni kununua kitu ambacho lazima ukinunue tena kila mwezi, kama mafuta ya dizeli. Paneli ukiinunua mara moja hukaa kama miaka 25, na jua halileti hati ya madai. Zaidi ya hayo, bei ya paneli tangu 2010 imeshuka sana, kama sehemu 9 katika 10. Anayezungumza leo kwa bei ya wakati ule anauza nguo ya mtumba kwa bei ya dukani.

Lipi basi tulifanye? Jibu langu ni moja: jua lifanye kazi mchana, maji yangoje usiku. Mkulima mwenye akili, shamba likiwa na mahindi mabichi, hula ya shambani. Ghala huliacha limefungwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Sisi twafanya kinyume. Saa sita mchana, jua likiwaka utosini, tunafungulia maji ya bwawa tuwashe feni za ofisini. Huko ni kula ghala mchana kweupe!

Tufanye hesabu ya darasani. Tukiwa na mitambo ya jua ya megawati 500, na tukahesabu jua kamili la saa 5 tu kwa siku, tutapata megawati-saa 2,500. Kwa umeme huo, mashine 2 za Rufiji, yaani megawati 470, zinaweza kupumzika zaidi ya saa 5 kila siku, na maji yake yakabaki bwawani yakingoja jioni, au yakingoja kiangazi. Kwa hiyo jua halikuja kulifukuza bwawa. Jua hulijaza bwawa bila mvua. Wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Anayetaka mfano asiende mbali, na awatazame jirani zetu wa Zambia. Zaidi ya sehemu 8 katika 10 za umeme wao zilitegemea maji, na ghala lao kubwa ni Kariba, bwawa lililojengwa na wakoloni kati ya 1955 na 1959, ambalo Watonga kama 57,000 walihamishwa kwa ajili yake. Mwaka 2024 ukame ukaja, Kariba likashuka, na nchi ikakaa gizani kwa saa nyingi mno kila siku. Nao wamejifunza. Juni 2025 walizindua mtambo wa jua wa megawati 100 huko Chisamba, ulio mradi wa kampuni tanzu ya shirika lao wenyewe la umeme. Kenya nao walikwisha fungua Garissa, megawati 50, mwaka 2019. Sisi tunao mradi wa Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150, ukianza na 50. Ni mwanzo mwema, lakini kwa nchi yenye Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga, ambako jua ni la mwaka mzima, huo ni mwanzo wa mtu mwenye woga.

Liko na jambo jingine. Machi 2025 tulisikia mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa kuwa umeme wa kutoka kusini hupotea njiani. Silaumu kuuziana na jirani. Umoja wa Afrika ni pamoja na nyaya. Lakini jua haliko Rufiji peke yake. Umeme ukizalishwa karibu na mlaji, hauna safari ndefu ya kupotea.

Wala tusiwasahau waliolilipia bwawa kwa namna ambayo haikuandikwa katika mkataba. Warufiji walilima mlau kwa kufuata mafuriko yaliyoleta rutuba bondeni, na wavuvi wa delta walitegemea maji matamu yanayolisha mikoko na kamba. Maji yakifungwa na kufunguliwa, yafunguliwe kwa kuwahesabu nao. Bwawa ni la Taifa, na Warufiji ni Taifa.

Kwa hiyo tudai mambo manne. Kwanza, mitambo ya jua ijengwe haraka mikoa ya kati na ya Ziwa, na iwe mali ya umma kama lilivyo bwawa. Pili, vyanzo vya Usangu na Kilombero vilindwe, maana kujenga ghala na kuchoma shamba ni wazimu. Tatu, kila shule na zahanati yenye sola iwe na mfuko wa betri na kijana wa kijiji aliyefundishwa ufundi. Nne, mikataba yote, ya maji na ya jua, wananchi waambiwe bei yake kabla ya sahihi, wakati wa mvua, tusingoje kuambiwa gizani.

Mzee wangu wa Singida, hili ndilo jibu langu. Bwawa ulilolijenga kwa kodi yako ni lako, nami sitaki lipungue hata tone moja. Ndiyo maana nataka jua linalokuchoma kichwani lianze kukufanyia kazi. Akiba haiozi. Tuitunze.

UHURU NA KAZI!