Usiisubiri Maabara, Anza na Ndizi

Sisi tunaofundisha sayansi huku Ngara na Biharamulo tunamfahamu mtahiniwa wa namna hii. Anapewa kimiminika cha chakula akipime, naye anaandika "rangi ya bluu-nyeusi, wanga upo" kabla hajadondosha hata tone moja la iodini. Nilimsahihishia mmoja kwenye moko. Kimiminika kile kilikuwa glukosi na maji tu. Jedwali alilikariri vizuri sana, na swali lile alipata sifuri.

Sidhani kosa ni lake peke yake. Walimu tumewazoesha kuona vitendo kama shughuli ya wiki mbili za mwisho, maabara ikifunguliwa. Lakini jamani, mnatoka kwenye migomba! Kata kipande cha ndizi mbichi na kingine cha ndizi iliyoiva sana, udondoshee iodini ya vidonda kutoka duka la dawa. Mbichi itageuka bluu-nyeusi. Iliyoiva itabadilika kidogo tu, au itabaki na ukahawia wa iodini, kwa sababu wanga mwingi umeshageuka sukari. (Vipande hivyo usivile.) Ukishaona hivyo kwa macho yako, huwezi kuandika jibu kabla ya kupima.

Fizikia nayo inataka uzi na jiwe dogo. Pima mita 1 kutoka unaponing'iniza uzi hadi katikati ya jiwe. Livute pembeni kidogo, liachie, kisha pima muda wa kwenda na kurudi mara 20 kwa simu ya nyumbani. Utapata karibu sekunde 40. Ukipata 38, huenda ulisema "moja" ulipoliachia, badala ya "sifuri", kwa hiyo umehesabu mara 19. Sekunde hizo mbili zinaipandisha g kutoka 9.9 hadi 10.9. Kosa hili nakutana nalo kila mwaka, hata kwa wanafunzi wanaoijua kanuni kichwani.

Yapo yasiyowezekana nyumbani. Bureti, pipeti na asidi vinataka maabara na mwalimu awepo. Kwa hayo mfuateni mwalimu wenu mapema, hata awape Jumamosi moja. Nendeni na daftari lenye matokeo ya ndizi na jiwe. Mimi nikiletewa daftari kama hilo, sijui ningekataa kwa maneno gani.