Bunduki ya upepo ipimwe kwa jouli, si kwa maandishi ya boksi

Mfanyabiashara anayerudi kutoka Istanbul au Guangzhou na mzigo wa vifaa vya michezo hujua jinsi ya kuueleza mzigo huo forodhani. Mipira, raketi, mahema, fimbo za kuvulia samaki. Katikati ya vitu hivyo lipo boksi moja refu, jembamba, lenye picha ya bunduki ya upepo. Kwake ni kifaa cha michezo kama vingine, kwani dukani alikolinunua lilipangwa rafu moja na mabegi ya safari. Akifika Malaba, Namanga au Rusumo, hapo ndipo anapoambiwa kuwa amebeba silaha.

Na ofisa anayemwambia hivyo hakosei. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bunduki ya upepo ipo namba 93.04, ndani ya Sura ya 93, ambayo ni sura ya silaha. Kikopo cha risasi zake ndogo kipo 93.06, pamoja na risasi za bunduki za baruti. Vipuri vyake vipo 93.05. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Pili, inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zinazoingia kwa masharti. Darubini ya kulengea, ikiletwa peke yake, huhamia Sura ya 90, kwenye miwani na kamera. Waliozoea cheti rahisi cha asili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, nacho hakiwafai hapa, kwa sababu kiliwekwa kwa ajili ya bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya.

Hadi hapo sheria iko wazi. Tatizo ni kwamba haitofautishi. Bunduki dhaifu ya kufundishia kulenga kwenye karatasi na bunduki nzito inayoweza kutoboa ubao zinaingia namba ile ile, chini ya masharti yale yale, halafu kila nchi inaendelea na sheria yake ya silaha na kila ofisa na busara yake. Mfanyabiashara mwaminifu hana kipimo cha kushika mkononi.

Kipimo hicho kipo, na aina ya bunduki inayozidi kuenea sokoni inakifanya kiwe rahisi zaidi kutumia. Ni bunduki zinazotumia silinda ya gesi badala ya springi. Katika bunduki ya zamani, mtu akikunja mtutu anabana springi ya chuma. Akivuta kifyatulio, springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha risasi. Katika aina mpya, springi imeondolewa na mahali pake ikawekwa silinda iliyofungwa yenye gesi, mara nyingi nitrojeni. Fundi yeyote wa magari anaijua. Ni ndugu wa zile nguzo za gesi zinazoinua mlango wa nyuma wa gari dogo.

Waliouleta ufundi huu sokoni ni kampuni ya Kiingereza ya Theoben, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Weihrauch ya Ujerumani ikautumia katika HW90. Baadaye Crosman ya Marekani, Gamo ya Hispania na Hatsan ya Uturuki kila moja ikatoa yake kwa jina lake, na bei zikashuka.

Wauzaji hupenda kusema ya gesi ni bora, basi. Si kweli moja kwa moja. Springi ikiachiwa hujisokota na kuitikisa bunduki. Gesi haina tabia hiyo. Springi ikiachwa imebanwa kwa saa nyingi huchoka; gesi haichoki, ingawa kuiacha bunduki ikiwa imekokiwa ni hatari kwa aina zote mbili. Kwa upande mwingine, ya gesi ni nzito kukoki tangu mkono unapoanza kuvuta, na teke lake ni kali na la ghafla. Bunduki hizi hupiga nyuma kisha mbele, na darubini ya kawaida, hata ile inayostahimili bunduki ya baruti, inaweza kuvunjika ndani kwa sababu ya lile teke la mbele. Kubwa zaidi ni matengenezo. Springi ikikatika, fundi hodari wa Mwanza au Goma ataweka nyingine. Silinda ya gesi ikivuja, mara nyingi haifunguki. Inatakiwa mpya, nayo ni kipuri cha silaha chenye masharti yale yale mpakani. Kwa mteja wa mbali na mji, springi bado ina hoja nzito.

Sasa yale maandishi ya boksi. Kwa kawaida huandikwa kasi, na namba ikiwa kubwa ndivyo boksi linavyouzika: futi 1,200 kwa sekunde, yaani karibu mita 366. Namba hiyo hupatikana kwa risasi nyepesi ya aloi, tuseme ya gramu 0.33, ambayo mnunuzi huenda asiitumie kabisa. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito wake mara kasi yake mara kasi yake tena. Kwa hesabu hiyo bunduki ile inatoa takriban jouli 22. Mteja akiweka risasi ya kawaida ya gramu 0.51, kasi ikashuka hadi mita 285, nguvu inakuwa karibu jouli 21. Kasi imepungua sana. Nguvu karibu ile ile. Anayelinganisha bunduki kwa kasi analinganisha risasi zilizotumika kupimia, basi. Tena risasi inayokaribia au kuvuka kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, huyumba hewani. Namba inayouza boksi ndiyo inayoharibu shabaha.

Mafundi wanaozirekebisha bunduki hizi wanalijua hilo, na marekebisho yao mengi yanaelekea chini. HW90 huweza kubadilishwa presha kwa pampu maalumu, na wengi wanaoimiliki hugundua kwamba ikipunguzwa kidogo inatulia, inalenga vizuri na ni nyepesi kukoki. Kwa zile ambazo silinda yake haifunguki, kazi ni ya subira: kukaza skrubu za kitako ambazo teke huzilegeza, kusafisha mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu, kujaribu aina kadhaa za risasi hadi ipatikane inayoelewana na mtutu huo, na kutofyatua kamwe bila risasi ndani, kwani pistoni hugonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa na mpira wake huharibika. Mafuta ya injini hayatakiwi kuingia mbele ya pistoni. Joto la hewa iliyobanwa huyawasha kama dizeli, na risasi hutoka kwa kasi ya uongo.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu kwa atakayeandika kanuni. Bunduki mpya yenye mafuta ya kiwandani inaweza kupimwa leo ikazidi kiwango, na baada ya kutumika kwa muda ikawa chini yake. Hali ya hewa nayo ina neno. Presha ya gesi hupanda na joto, na kutoka asubuhi ya nyuzi 12 huko Kabale hadi mchana wa nyuzi 40 huko Juba tofauti inakaribia asilimia 10. Kipimo kinachofaa ni cha bunduki iliyosafishwa, kwa risasi inayotajwa uzito, kwa kifaa cha kupimia kasi, na kiachwe na nafasi.

Wengine wameshafika huko. Ujerumani humuuzia mtu mzima bila leseni bunduki isiyozidi jouli 7.5, na bunduki hiyo hupigwa alama ya herufi F ndani ya pembetano. India imeweka jouli 20. England na Wales zimeweka mpaka wa futi-pauni 12, ambao ni kama jouli 16. Lakini Uingereza hiyo hiyo inatoa onyo: tangu tarehe 31 Desemba 2016, Scotland inadai leseni kwa bunduki za upepo, na Ireland Kaskazini inadai cheti kwa chochote kinachozidi jouli 1. Dola moja, kanuni tatu. Mwenye bunduki halali Carlisle akivuka kwenda Scotland nayo anahitaji kibali cha mgeni.

Jumuiya yenye nchi wanachama nane haina sababu ya kuiga mkanganyiko huo. Itaje namba moja ya jouli. Kumi na sita ingetosha. Bunduki iliyo chini yake iuzwe kwa watu wazima tu, na wauzaji waliosajiliwa, ikiwa na namba ya utambulisho na alama ya jouli iliyopigwa kwenye chuma. Iliyo juu yake ihesabiwe kama bunduki nyingine yoyote. Mashirika ya viwango ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda yangeweza kupewa kazi ya kupima sampuli za kila mzigo.

Polisi watapinga, na wana sababu. Ukanda huu una Karamoja, una Ituri. Hakuna anayetaka mlango mwingine wa silaha. Bunduki ya upepo ikiangaliwa kwa mbali usiku haina tofauti na ya baruti, na jambazi hahitaji jouli ili kutisha. Hata jouli 16 zinatosha kumuua mtoto. Hoja hizo zinadai usajili mkali wa wauzaji na wanunuzi, na usajili hauwezekani kwa bidhaa isiyo na jina wala kipimo, inayopita njia za panya kwa sababu ofisini hakuna anayejua aiandikeje.

Hadi namba hiyo itakapotajwa, mwenye mtaji aende kwanza kwa mamlaka ya leseni za silaha ya nchi yake, apate jibu la maandishi, ndipo alipe amana kwa muuzaji. Aulize na kuhusu risasi na vipuri, kwa sababu navyo ni Sura ya 93. Akipata ruhusa, aagize toleo la nguvu ndogo. Viwanda vya Uturuki na Ujerumani hutengeneza bunduki ile ile kwa nguvu tofauti kulingana na soko. Mnunuzi wa Berlin hutaja 7.5, wa London hutaja 16. Wa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam huchukua iliyopo rafuni, ambayo mara nyingi ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote kwenye boksi.