Babu hakuwa na hati

Wadau, likizo hii wengi tunarudi nyumbani. Ombi langu ni moja: ulizeni habari za shamba la babu mzaa babu kabla wazee hawajatuishia.

Watu wanadhani kila kitu kiko kwenye makabrasha ya mkoloni. Wapi! Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mlowezi alikuwa na hati na ramani. Babu yetu wa Kilimanjaro alikuwa na kihamba tu, bila karatasi. Ukimtafuta sana labda umkute kwenye daftari la kahawa, maana KNPA ilianza 1925 na KNCU 1933. Lakini hapo utaona mzigo wake wa kahawa, mipaka huioni.

Mipaka ni masale, makaburi na kumbukumbu za bibi. Na bibi ndiye haulizwi, wakati miaka yote ndiye aliyeshinda humo migombani! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya kimila, ya mwanamke pia. Ila shahidi akishazikwa, anabaki kusema yule baba mdogo mwenye sauti kubwa.

Beba daftari, andika. Au mnasemaje?