Makohozi Kooni, Kumbe Kisa ni Tumbo!

Mwezi wa Julai pale Kikima, juu ya milima ya Mbooni, huwa na ukungu na baridi kali. Kwa hivyo, mwalimu mmoja wa huko alipoanza kujikohoza kila dakika, kana kwamba kamasi limemkwama kooni, hakuna aliyeshangaa.

"Ni baridi tu, mwalimu," aliambiwa.

Baridi ikaisha, jua la Septemba likawaka, naye angali anajikohoza. Wanafunzi wakaanza kumwiga. Katika matatu, abiria wakawa wanafungua madirisha.

Alifanya la busara: alikwenda kupimwa makohozi. Kikohozi kikipita wiki mbili, ni lazima ujue kama ni kifua kikuu. Hakuwa nacho. Hakuwa na aleji, na pua yake ilikuwa safi.

"Mwalimu, chakula cha jioni unakula saa ngapi?" daktari akamwuliza.

Alikuwa akisahihisha madaftari hadi saa nne usiku, ale muthokoi, kisha alale papo hapo.

Mpenzi msomaji, asidi ya tumboni huweza kupanda hadi kooni, hata bila kiungulia. Koo likichomwa hivyo, mtu huhisi kamasi lisilokwisha.

Mnamo 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 75 wenye tatizo hilo lakini wasio na aleji wala ugonjwa wa pua. Baada ya wiki 16, waliomeza lansoprazoli, dawa ya kupunguza asidi, walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani.

Lakini usikimbilie duka la dawa! Mwaka 2021, utafiti wa Uingereza uliohusu wagonjwa 346 waliosumbuliwa na koo kwa muda mrefu ulionyesha kuwa dawa hiyo hiyo haikuwasaidia kuliko vidonge vitupu. Si kila koo linaugua kwa sababu ya tumbo. Na anayejinunulia omeprazoli kabla ya kupimwa huenda anaupa kifua kikuu nafasi ya kuenea nyumbani kwake.

Pimwa kwanza. Dawa, muda na kipimo chake aamue daktari. La bure waweza kuanza leo: kula saa tatu kabla ya kulala, na uinue kitanda upande wa kichwani.

Mwalimu wetu alipewa dawa kwa majuma kadhaa. Siku hizi hula saa moja jioni, na madaftari hungoja. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.