Mafundi Wetu Wapewe Kufuli

Umeme ukileta shida hosteli, tunapiga kelele fundi aje haraka. Akija, anazima swichi kuu kule chini, kisha anapanda ghorofa ya tatu kushika nyaya. Hapo ndipo naona hatari: mtu simu imemwishia chaji, anashuka, anaiwasha. Volti 230 hazina huruma. Dawa yake ndogo tu: kufuli la kufungia swichi, ufunguo abaki nao fundi mwenyewe, na kibao, "Usiwashe, mtu yupo kazini." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Viongozi wetu, mkidai maji na vitanda, daini na kufuli. Nasi wengine, jamani, tusiguse swichi.