Vitabu Viliungua, Msalaba Ungali Wima

Huko Monasterboice, nchini Ayalandi, watawa wa kale walijenga mnara mrefu wa mawe, wakahifadhi humo vitabu na hazina zao. Mwaka 1097 moto uliuzuka. Kuta zingalipo, vitabu viliteketea. Nje yake, Msalaba wa Muiredach, wenye kimo cha zaidi ya mita 5, umesimama takriban miaka 1,100. Umechongwa visa vya Biblia, tangu Adamu na Hawa hadi Siku ya Hukumu, ambavyo hata asiyejua kusoma aliweza kuvifuata. Maandishi yake ni ya Kiayalandi, lugha ya wenyeji, wala si Kilatini cha kanisa. Wasomi wenzangu, nasi tunaofungia tasnifu kabatini tuzinduke: elimu hudumu ikitolewa hadharani, kwa lugha ya watu.